Papa Pius X na Maandalizi ya Komunyo ya Kwanza Shuleni

Mwanafunzi mwalimu anapopangiwa kipindi cha dini katika darasa la tatu, swali analotuletea mara nyingi, kabla hata hajaandika andalio lake la somo, ni la umri. Kwa nini watoto hawa wa miaka minane au tisa waandaliwe Komunyo ya kwanza? Kwa nini wasingojee mpaka wapate akili za darasa la saba? Swali hilo ni zuri, tena lina historia. Liliamuliwa Roma tarehe 8 Agosti 1910, na aliyeliamua alikuwa mtoto wa tarishi, mtu aliyefundisha dini watoto wa vijijini kwa miaka mingi kabla hajafikiriwa kuwa Papa. Tumeona afadhali kuyasimulia maisha yake hapa kuliko kujibu kwa kutaja kanuni tupu, kwa maana amri ile haieleweki vema pasipo kumjua aliyeitoa.

Giuseppe Sarto alizaliwa tarehe 2 Juni 1835 katika kijiji cha Riese, kaskazini ya Italia, katika nchi ya Veneto ambayo siku hizo ilikuwa chini ya himaya ya Austria. Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa tarishi wa serikali ya mahali: alipeleka barua na matangazo ya ofisi kwa mshahara mdogo. Mama yake, Margherita Sanson, alikuwa mshonaji wa nguo. Walijaliwa watoto kumi. Wa kwanza alifariki angali mchanga, na kwa hiyo Giuseppe akawa ndiye mkubwa nyumbani. Alipomaliza masomo ya kijijini alikwenda shule ya Castelfranco, mwendo wa kilometa saba hivi kwenda na saba kurudi, na husimuliwa kwamba njiani alivua viatu akavitundika begani, visije vikaisha upesi. Walimu wa shule zetu za vijijini hawahitaji kuelezwa mtoto wa namna hiyo. Wanamwona kila asubuhi akinawa miguu kwenye bomba kabla ya kengele.

Jambo moja la utoto wake ni lazima tulikazie. Giuseppe alipata Kipaimara mwaka 1845, naye alikuwa mtoto wa miaka kumi tu. Lakini Komunyo ya kwanza hakuipata mpaka mwaka 1847, alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Hakucheleweshwa kwa utundu wala kwa uzito wa akili. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Katika sehemu nyingi za Ulaya mtoto aliruhusiwa kukaribia meza ya Bwana afikapo miaka kumi, au kumi na miwili, na kwingineko kumi na minne au zaidi. Kumbe katika karne za kwanza za Kanisa hata watoto wachanga walipewa Ekaristi mara baada ya Ubatizo. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame na kupokea Komunyo walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Neno lililoleta taabu ni hilo la umri wa kupambanua. Wengine walilifasiri kuwa umri mmoja kwa ungamo na umri mwingine, tena mkubwa zaidi, kwa Komunyo. Baadaye, katika karne ya 17 na ya 18, mafundisho ya Wajanseni yakazidi kuwatia watu hofu, hata Ekaristi ikaonekana kuwa tuzo la watu wakamilifu, wala si dawa ya wanyonge.

Turudi kwa kijana wetu. Mwaka 1850 alipata nafasi ya bure katika seminari ya Padova, kwa msaada wa Patriarka wa Venezia, Jacopo Monico, ambaye naye alikuwa mwenyeji wa Riese. Miaka miwili baadaye baba yake alifariki. Margherita aliachwa na kundi la watoto na sindano yake. Kwa desturi ya nyumba za maskini, mtoto mkubwa angeacha masomo arudi kuitunza familia. Mama alikataa, akaendelea kushona. Giuseppe alipewa Upadre huko Castelfranco tarehe 18 Septemba 1858.

Miaka tisa ya kwanza aliitumia Tombolo, kijiji cha wafugaji na wachuuzi wa ng'ombe, akiwa msaidizi wa paroko aliyekuwa mgonjwa mara kwa mara. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayotupendeza zaidi sisi walimu. Watu wa Tombolo walikuwa hodari wa kuhesabu fedha za mnadani, lakini wengi wao hawakujua kusoma, na walikuwa na sifa ya kuapa na kutukana. Padre Sarto alianzisha shule ya usiku kwa ajili ya watu wazima. Husimuliwa kwamba wale waliojua kusoma kidogo aliwakabidhi kwa mwalimu wa shule, na wale wasiojua hata herufi moja akawachukua mwenyewe, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ngumu zaidi. Walipouliza ada ni kiasi gani, aliwataka waache matusi. Hatuwezi kuthibitisha kila neno la masimulizi haya, ila mpango wenyewe wa madarasa unastahili kuangaliwa. Katika shule nyingi mwalimu mzoefu hupewa darasa la mtihani, na yule aliyetoka chuoni juzi hutupwa darasa la kwanza. Yeye alifanya kinyume.

Mwaka 1867 akawa paroko wa Salzano. Huko alipanga mafundisho ya katekisimu kwa njia ya mazungumzo: yeye upande mmoja na padre mwenzake upande wa pili, mmoja akiuliza kama mtu wa kawaida anavyouliza, na mwingine akijibu. Watu walitoka hata parokia za jirani kuja kusikiliza. Maswali na majibu yalikuwamo kitabuni tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kwamba swali liliulizwa kwa nia ya kujua kweli, wala si kwa nia ya kumnasa mjibuji. Mwaka 1873 kipindupindu kilipoingia Salzano, paroko alikuwa mwuguzi, akawa mfariji, na usiku akawa miongoni mwa wachukuzi wa maiti, maana watu waliogopa kuzika. Nyumba yake aliitunza kwa msaada wa dada zake, na mfuko wake ulikuwa na tundu siku zote: kilichoingia asubuhi kilitoka jioni kwa mwenye njaa. Watoto aliowafundisha mapendo siku ya Jumapili walimwona akiyatenda siku ya Jumatatu. Katika vitabu vya taaluma ya ualimu tunaliita jambo hili kielelezo, nasi twalitaja haraka baada ya picha na ramani. Katika somo la dini hakuna zana ya kufundishia inayolizidi hilo.

Mwaka 1875 alihamishiwa Treviso, awe kanoniki, chansela wa jimbo na mlezi wa kiroho wa seminari. Kazi za ofisi zilimlemea, hata hivyo alitafuta kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Siku hizo Veneto ilikuwa imekwisha kuingia katika ufalme mpya wa Italia, na katika shule za serikali dini ilikuwa imesukumwa pembeni. Sarto akawakusanya wanafunzi wa shule hizo nje ya saa za masomo, akawaandaa kwa Komunyo ya kwanza. Hali hiyo si ngeni kwetu. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za msingi zilizokuwa za misheni hapa Tanzania zilichukuliwa na serikali, na dini ikabaki na vipindi vyake vichache katika ratiba, chini ya mapadre, makatekista na walimu wenye moyo wa kujitolea. Leo zipo tena shule za msingi za majimbo na za mashirika ya watawa, nasi tunapeleka wanafunzi walimu huko na kule. Tukisema kweli, hatujaona kwamba jina la shule ndilo linalofanya maandalizi yawe mema. Tumeona darasa la katekisimu lililofanyika chini ya mwembe likaishinda shule yenye kikanisa chake ndani ya uzio.

Mwaka 1884 Sarto alifanywa Askofu wa Mantova, jimbo lililokuwa katika hali ya kusikitisha. Seminari ilikuwa na wanafunzi wachache, na watu wengi walikuwa wameliacha kanisa. Alifundisha seminarini yeye mwenyewe, akaagiza kila parokia iwe na shule ya mafundisho ya Kikristo. Mwaka 1889 mkutano wa kwanza wa kitaifa juu ya katekisimu ulipokutana Piacenza, alipeleka pendekezo kwamba kiwepo kitabu kimoja kwa watu wote, chenye maneno mepesi. Mwaka 1893 akawa Kardinali na Patriarka wa Venezia, ingawa serikali ya Italia ilimchelewesha kuingia mjini hadi mwaka uliofuata. Mama yake alikuwa bado hai alipofanywa Kardinali. Alifariki mwaka 1894.

Uchaguzi wa mwaka 1903 tutaupitia kwa ufupi. Papa Leo XIII alifariki mwezi Julai. Kardinali aliyeelekea kuchaguliwa, Rampolla, alipingwa na Kaizari wa Austria kwa kinywa cha Kardinali Puzyna wa Kraków. Na tarehe 4 Agosti alichaguliwa Sarto, ambaye alikuwa amewasihi wenzake wasimpigie kura. Akajiita Pius X. Dada zake waliomfuata Roma walikaa katika nyumba ya kawaida, naye hakukubali wapewe vyeo vya kikabaila kama desturi ilivyotaka kwa jamaa za Papa. Alidumu na desturi moja ya uparoko: siku za Jumapili watu wa parokia mbalimbali za Roma waliingia kwa zamu katika ua wa San Damaso, ndani ya Vatikano, na Papa mwenyewe akawafafanulia Injili na katekisimu.

Tarehe 15 Aprili 1905 alitoa waraka kwa maaskofu wote juu ya ufundishaji wa katekisimu. Kila paroko aliagizwa kuwafundisha watoto kwa muda wa saa moja kila Jumapili na sikukuu. Kuwaandaa kwa mafundisho ya siku kadhaa mfululizo wale wanaokwenda kuungama au kupokea Kipaimara. Na kwa wale wa Komunyo ya kwanza kutumia siku zote za Kwaresima, na hata baada ya Pasaka ikiwa lazima. Tena kila parokia iwe na Chama cha Mafundisho ya Kikristo, ambamo walei, wakiwamo walimu, wangesaidia. Mwezi Desemba wa mwaka huohuo ikatoka hati ya pili, juu ya kukomunika mara kwa mara: anayetaka kukomunika, hata kila siku, hatakiwi zaidi ya kuwa katika hali ya neema na kuwa na nia njema. Kwa hati hiyo hofu ya Wajanseni ilikatwa kwenye shina. Lililobaki lilikuwa la watoto.

Basi tufike kwenye tarehe 8 Agosti 1910. Hati ilitolewa na idara ya Vatikano inayosimamia Sakramenti, kwa idhini ya Papa. Kwanza inasimulia historia, kisha inataja madhara ya desturi ya kuchelewesha: watoto walinyimwa msaada wa Ekaristi katika miaka ambayo moyo wao ulikuwa bado mwepesi, wakaingia ujana wakiwa wamekwisha kupatwa na mabaya. Halafu inaweka sheria. Umri wa kupambanua ndio ule ambapo mtoto anaanza kutumia akili, yaani panapo mwaka wa saba, pengine baadaye kidogo, pengine mapema kidogo. Tangu hapo wajibu wa kuungama na wa kukomunika unaanza pamoja. Ujuzi kamili wa katekisimu hautakiwi kabla ya Komunyo ya kwanza. Mtoto atajifunza yaliyobaki polepole, kadiri akili yake inavyokua. Kinachotakiwa ni kwamba azijue, kwa kiasi chake, zile kweli kuu za lazima kwa wokovu, aweze kupambanua mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na aukaribie kwa heshima inayolingana na umri wake. Wajibu wa kumruhusu uko juu ya baba au mshika nafasi yake, na juu ya padre anayemwungamisha. Na wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto halazwi nje ya mlango unawagusa pia walimu na paroko. Hati inalaani vikali desturi ya kutowaondolea dhambi watoto waliokwisha kupata akili, na ile ya kuwanyima Komunyo ya mwisho walipokuwa kufani.

Tuutazame uamuzi huo kwa macho ya mwalimu. Hati inataja vipimo viwili tofauti. Kimoja ni ujuzi wa maneno ya kitabu, ambao haukufanywa kizuizi. Cha pili ni kupambanua: mtoto aonyeshe kwamba anajua huyu anayepokelewa ni nani. Kipimo cha kwanza ni chepesi kusahihisha, na ndiyo maana kinapendwa. Mwalimu anaketi na daftari, watoto wanapita mmoja mmoja, anayekosa maswali matano anarudishwa nyumbani hadi mwaka ujao. Kipimo cha pili hakina alama za kujumlisha. Kinamtaka mwalimu amjue mtoto, aongee naye, amwone anavyokaa kanisani na anavyogawana kiazi chake na jirani wakati wa mapumziko. Tunaowasimamia katika mazoezi ya kufundisha wana juhudi nyingi, lakini wengi huleta mtihani wa hesabu katika somo la sakramenti, kwa kuwa ndio mtihani walioupata wao. Papa Pius hakudharau kukariri. Mwaka 1912 alitoa katekisimu yake fupi yenye maswali 433, na maswali yale yalikuwa ya kukaririwa. Ila hakukubali kwamba asiyeweza kuyakariri yote afungiwe meza.

Amri hiyo haikupokelewa na wote kwa furaha. Ufaransa ndiko kulikokuwa na wasiwasi mkubwa. Huko Komunyo ya kwanza, kwa umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, ilikuwa sikukuu ya kuaga utoto: mavazi meupe, mishumaa, karamu ya jamaa, kisha mtoto anaacha shule na kuanza kazi. Mapadre walijua kwamba sikukuu hiyo ndiyo iliyowashika watoto katika mafundisho kwa miaka mitatu au minne. Wakikomunika wakiwa na miaka saba, ni kitu gani kitawarudisha darasani? Tena hali ya nchi ilikuwa mbaya kwa Kanisa: sheria ya mwaka 1904 iliyakataza mashirika ya kitawa kufundisha, na ile ya Desemba 1905 ilitenga Kanisa na serikali. Kwa maoni yetu hofu ya mapadre wale haikuwa ya kipuuzi. Walimu wa leo wanaoona madarasa ya dini yakihamwa mara baada ya Kipaimara wanaijua. Wafaransa walipata njia ya katikati: Komunyo ya faragha kwa watoto wadogo, na baadaye Komunyo ya shangwe kwa wakubwa. Lakini watoto wenyewe walikuwa upande wa Papa, na mwaka 1912 kundi kubwa la watoto wa Ufaransa lilisafiri hadi Roma kumshukuru.

Lipo tokeo jingine ambalo haikusudiwa litokee. Zamani utaratibu ulikuwa Ubatizo, Kipaimara, kisha Ekaristi, kama tulivyoona katika utoto wa Sarto mwenyewe. Komunyo iliposogezwa hadi miaka saba, na Kipaimara kikabaki mahali pake, utaratibu ukapinduka katika majimbo mengi, na ndiyo sababu watoto wetu hupata Kipaimara miaka kadhaa baada ya Komunyo. Wataalamu wa liturujia hawajaacha kubishana juu ya jambo hilo.

Wala tusifiche upande mwingine wa mtu huyu. Pius X aliyekuwa mpole mbele ya watoto alikuwa mkali mno mbele ya wanachuoni. Mwaka 1907 aliyahukumu mafundisho aliyoyaita ya kisasa, na mwaka 1910, mwaka uleule wa hati ya watoto, akawalazimisha mapadre na walimu wa seminari wale kiapo cha kuyapinga. Kiapo hicho kilidumu hadi mwaka 1967. Miongoni mwa walioshukiwa walikuwamo watu waaminifu, na baadhi ya waliowashtaki walifanya hivyo kwa siri na kwa chuki. Wako wanaosema kwamba unyofu wa paroko wa kijijini ndio uliomfanya asiuelewe ubishi wa vyuo vikuu. Huenda ni kweli. Sisi tunaona tu kwamba subira aliyowapa watoto wa miaka saba, ya kuwaacha wakue polepole katika kuelewa, hakuwapa watu wazima waliokuwa na maswali.

Kwa Afrika Mashariki maisha yake yana kiungo ambacho hakitajwi sana. Wamisionari wa Afrika, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, walikuwa wameweka ukatekumeni wa miaka minne kabla ya Ubatizo, na utaratibu huo mrefu ulijenga Kanisa imara katika nchi za maziwa makuu. Lakini huko Uganda, mateso ya Kabaka Mwanga yalipofika mwezi Mei 1886, vijana kadhaa wa ikulu walikuwa hawajamaliza mafundisho, na Kizito, mdogo wao, alikuwa mmojawapo. Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza usiku, kabla ya kuhukumiwa. Na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Hakuna aliyewauliza kama wamefika swali la mwisho la kitabu. Mwaka 1912 Pius X ndiye aliyeruhusu kesi ya mashahidi hao ifunguliwe rasmi Roma, miaka minane kabla hawajatangazwa wenye heri na hamsini na miwili kabla hawajatangazwa watakatifu.

Sasa tuseme neno juu ya mapendo, kwa kuwa katika mitaala ya dini mada hiyo huwekwa mbali na mada ya sakramenti, kana kwamba ni masomo mawili. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za meza ya Bwana, sababu yake ilikuwa aibu ya chakula: wenye nacho walikula na kulewa, na maskini wakakaa njaa papo hapo. Mtoto wa darasa la tatu anaielewa aibu hiyo kuliko tunavyoielewa sisi. Shule moja tuliyoitembelea ilidai kila msichana wa Komunyo ya kwanza aje na gauni jeupe jipya, viatu vyeupe na mchango wa karamu. Mtoto mmoja aliyejua mafundisho kuliko wenzake alibaki nyumbani Jumapili ile, na hakuna aliyeuliza alipo mpaka Jumanne. Mtoto wa tarishi wa Riese angeuliza kabla ya Misa kuanza. Tetemeko la ardhi lilipoiangamiza Messina tarehe 28 Desemba 1908, alifungua nyumba ya wageni ya Santa Marta, kando ya Basilika la Mtakatifu Petro, wapate kulazwa majeruhi na wakimbizi, na akabeba gharama za yatima waliookolewa katika vifusi. Hakuandika waraka kwanza.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi walimu kuyaanza maandalizi miezi kadhaa kabla, na kuyaanzia kwenye chakula: nani analima, nani anasaga, nani anapika, nani anakosa. Ungamo la kwanza lifuate baada ya darasa kujifunza kuombana radhi kwa mambo yaliyotokea kweli, kama vile kalamu iliyoibwa au jina la utani lililoumiza, pasipo kumlazimisha mtoto kutangaza kosa lake mbele ya wenzake. Mzazi aitwe tangu mwanzo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imelirudia jambo hilo la mwaka 1910, kwamba wazazi ndio wa kwanza kuwajibika pamoja na paroko, na kwamba ungamo litangulie. Nguo iwe sare ya shule, iliyofuliwa. Na mwishoni mwalimu aketi na kila mtoto peke yake kwa dakika chache, mahali pa wazi, azungumze naye bila daftari. Darasa lenye watoto tisini linahitaji wiki nyingi kwa kazi hiyo, tunajua. Ndiyo sababu tulisema ianze mapema.

Pius X alifariki tarehe 20 Agosti 1914, vita kuu ikiwa imekwisha kuanza. Waliokuwa karibu naye walisema kwamba huzuni ya vita ndiyo iliyommaliza. Katika wasia wake alikumbusha kwamba umaskini aliozaliwa nao hakupata kuuacha, akawaombea dada zake posho ndogo ya kila mwezi, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuwaachia. Alitangazwa mwenye heri mwaka 1951 na mtakatifu tarehe 29 Mei 1954. Kaburi lake limo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro.

Mwaka uliofuata kifo chake, Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitalia ambaye njia zake za kulea watoto wadogo zinasomwa hata katika vyuo vyetu, alianza kazi Barcelona, huko Hispania. Katika shule ile ya mfano watoto walipewa shamba dogo. Upande mmoja walipanda ngano, upande mwingine mizabibu, wakapalilia na kuvuna, ili mkate na divai ya Misa vitoke mikononi mwao. Walikuwa watoto wa umri uleule ambao miaka mitano tu nyuma ungewazuia kukomunika. Katika bustani ya chuo chetu ngano haistawi, na mzabibu mmoja tulioujaribu uliliwa na mbuzi. Tumeanza badala yake kuwapeleka wanafunzi walimu, kabla ya mazoezi ya kufundisha, kwa watawa wanaooka hostia, wauone unga na maji vikikorogwa, na chuma cha moto kikifungwa na kufunguliwa.